Vipimo vya Bafu

Mwezi wa sita Uyole, maji ya bomba yana meno.
Mama yangu, Bi Subilaga, miaka sabini na tisa,
bado anaamka saa kumi kuwasha kuni,
anapuliza hadi majivu yanamkaa kwenye nyusi,
ili mjukuu wake Anyosisye aende shule ameoga.

Nikasema basi. Majoho ya kwaya yamelipwa,
thelathini na mawili, kola nyeupe;
mwaka huu tunanunua maji ya moto.

"Maji ya moto hayanunuliwi," mama akasema,
"yanachemshwa."

Mimi ni fundi cherehani. Mabomba siyajui, najua futi.
Nikaingia bafuni, futi shingoni,
nikalipima kama mteja mgumu:
kifua, inchi thelathini na sita;
mabega, arobaini na nane;
kimo, ukinyoosha mkono unashika bati.
Mlango unafungukia ndani, unakula nusu ya kiuno.
Ukiinama kuokota sabuni
paji la uso linasalimiana na ukuta.
Mtu huyu, nikajiambia, nguo yake haina pindo la kufumua.

Akaja fundi bomba, Mwashiuya, penseli sikioni.
Tangi la lita themanini? Akacheka:
litaoga lenyewe, ninyi mtasubiri nje.
Na lile bomba la mvua lenye umeme kichwani,
la bei ya kuku wawili?
Analo jirani Tusekile. Akifungua, taa zinasinzia,
LUKU inalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa,
na kuna siku maji yalimtekenya
kwa namna ambayo maji hayatekenyi.
Sola nzuri, jua la bure,
ila njoo Julai, ukungu umeketi juu ya bati
mpaka saa sita, hauna haraka,
ndipo utajua bure inafunguliwa saa ngapi.

Kilichonivuta ni kile cha gesi,
chembamba, kinabanwa ukutani kama begi la shule,
hakitunzi maji, kinayapasha yakipita.
Nilishamchagulia ukuta wake, juu ya ndoo.
Mwashiuya akatazama kidirisha chetu, upana wa daftari,
na gunia tulilokizibia upepo.
"Humu, hapana." Safari hii hakucheka.
"Wewe na moto mtagombea pumzi moja,
na moto haujui kumpisha mtu.
Kikae nje, penye hewa."

Nje wapi? Nyumba yetu ilikatwa kwa kitambaa haba.
Nikaizunguka na futi, inchi kwa inchi,
hadi nyuma ya jiko, kwenye kibanda kisicho na ukuta pande mbili.
Upana upo. Kimo kipo. Ukuta unapakana na bafu.
Na pamejaa kuni.

Milingoti iliyopasuliwa, mama kaipanga hadi kwenye boriti,
mishono imenyooka kuliko yangu.
Nikasimama, futi ikining'inia.
Miaka yote tunatafuta mahali pa kuachia kuni,
kumbe mahali penyewe pamekaliwa na kuni.

Sikumwambia kitu. Aliiona futi.
Kesho yake nikamkuta anatoa mwenyewe, gogo kwa gogo,
anampitishia Tusekile juu ya ua.
Akabakiza matatu.
"Ya siku gesi itakapoisha."
Iliisha Jumapili ya pili, nina povu kichwani.

Saa kumi bado anaamka. Mwili hakuna aliyeuambia.
Anajifunga kitenge juu ya sweta, anatoka kibandani,
anasimama mbele ya kile kisanduku cheupe.
Anyosisye akifungua koki huko ndani
moto unashtuka, puu, safu ya ndimi za bluu,
na mama, nimemwona kwa macho yangu,
anakunja midomo
anapuliza.

"Mama, kinawaka chenyewe."

"Najua," akasema. "Nakisaidia."