Chumvi

Mama anasema usiku nimeota kwa sauti,
na kwamba nimeota kwa Kiswahili.
Ananiambia akimenya matoke, hainui macho,
kisu kinapita chini ya ganda taratibu
kama mtu anayepita karibu na kambi.

Hapa Wobulenzi, kwa watu wa umri wake,
Kiswahili hakina salamu.
Kilikuja na buti, wakati wa vita vya msituni,
kikasema: toka nje. Kikasema: lala chini.
Kikaondoka na mbuzi watatu na kaka yake Ssebyala,
na hakuna kilichorudi.

Mimi changu nilikiokota Ajman,
ghorofa ya nne, chumba namba tisa,
vitanda vya chuma vya kupandana, watu wanane,
kiyoyozi kimoja kinachokohoa maji ndani ya ndoo.
Wekulo wa Bungoma ndiye aliyenipa neno la kwanza.
Alikuwa akisonga ugali saa tisa za usiku,
tumetoka zamu, masaa kumi na mawili wima
mlangoni mwa duka la manukato,
nikiwafungulia watu wasioujua uso wangu,
mimi nikivijua viatu vyao vyote.
Akanyoosha mkono: chumvi.
Nikampa sukari.
Walicheka mpaka Shahidul wa Sylhet akaamka,
akacheka nao, bila kujua kinachochekwa.

Kwa mlango huo nikaingia.
Shekiondo, mtu wa Lushoto, alinifundisha hamna shida
siku ambayo shida ilikuwepo:
mshahara mwezi wa tatu haujaonekana,
pasipoti zetu zimo kabatini ofisini,
na mwenye ufunguo yuko likizo, Kerala.
Alinifundisha pole
niliposikia kwa simu kwamba baba amezikwa jana.
Hakuongeza neno. Alichukua ndoo yangu,
akafua sare yangu, akaipiga pasi,
kwa kuwa kesho yake ilikuwa zamu,
na zamu haina matanga.

Watu wa hapa huniuliza habari za joto,
dhahabu, majumba yanayogusa mawingu.
Mimi nakumbuka foleni ya choo alfajiri,
kila mtu na sabuni yake mfukoni.
Nakumbuka dirisha la kutumia pesa, jioni ya Alhamisi,
na jinsi nilivyoijua bei ya mabati Wobulenzi
kuliko bei ya mkate mtaani kwangu.

Mabati yenyewe ndiyo haya, juu ya kichwa cha mama.
Mvua ikinyesha hayaruhusu mazungumzo.

Miaka sita. Nimerudi na sanduku,
na jiko la wali linalosubiri umeme,
na miguu inayokataa kiti.
Dukani kwetu nasimama kando ya mlango.
Nambalirwa, mke wangu, huniambia: kaa,
kiti ni chako, umekilipia.
Nakaa. Mteja akija nimeshasimama.

"Ulikuwa unasema nini?" mama anauliza.
Namwambia: nilikuwa naomba chumvi, basi.

Kisu kinasimama.

"Hilo nalijua," anasema.
"Mbuzi wa kwanza walimchinjia hapa hapa,
tulipokuwa bado na paa la nyasi.
Mmoja alikuwa mtoto, bunduki imemzidi kimo.
Akaniambia chumvi, chumvi.
Sikuelewa. Nikampa majivu."

Nje bodaboda inapita, inaacha vumbi lake mlangoni.
Nataka kuuliza kama walicheka.
Nauliza: "Akafanya nini?"

"Aliyatia mchuzini," mama anasema.
"Akala."

Anachukua ndizi nyingine,
anaikata kichwa.