Damu ya Mzee

Saa moja asubuhi, Julai, mjini Łódź,
foleni imekwisha kupinda kona ya duka la klabu
na mlango bado umefungwa.
Klabu yetu ni Przędza, maana yake uzi.
Mji huu uliwahi kuvisha majirani zake wote,
kabla mabomba ya viwanda hayajapoa
na kumbi za mitambo kugeuzwa nyumba za bei mbaya.

Jezi mpya imening'inia dirishani.
Zdzisław wa teksi anaitazama
kama mtu aliyeletewa maiti isiyo yake.
"Rangi yetu ni damu ya mzee," anasema.
"Hii ni damu ya mtoto aliyejikwaa."

Hapo ndipo maneno yanapofumuka.
Kornelia, muuguzi, macho mekundu ya zamu ya usiku,
anaitaka kola irudi, ile ya vifungo viwili,
ya mwaka tuliopanda daraja.
Ireneusz amechunguza: hii michirizi ya kifuani,
kama tairi limekupitia,
wamepewa pia timu moja ya pwani, kwa buluu,
na nyingine huko Ureno, kwa kijani.
"Vortan wana sufuria moja," anasema,
"wanabadilisha mchuzi tu."
Nembo haikushonwa, imebandikwa kwa pasi;
ikifika Krismasi itakuwa imeinua kichwa kama kigae kibovu.
Mdhamini ni kampuni ya kamari,
jina lake limetanda tumboni, letu limejikunyata.
Na jezi ya tatu, ya zambarau,
nani aliiomba?

Bei: zloti mia tatu na themanini.
Kimya.
Kila mtu anapiga hesabu ya viatu vya shule.

Mlango ukafunguliwa.
Tukanunua.
Zdzisław alinunua mbili.
"Moja ya mjukuu," alisema, na hakuna aliyemuuliza.

Nikampelekea mama.
Miaka thelathini na mmoja alikaa kwenye cherehani
ya kiwanda kilichoshona jezi zetu za zamani;
vidole vyake mpaka leo havinyooki sawasawa.
Niliitandaza mezani, kando ya chai yake,
kama mtu anayekwenda mahakamani
na hukumu tayari mfukoni.

Hakuitazama nembo.
Aliigeuza ndani nje, akashusha miwani,
akapitisha kidole ubavuni, kutoka pindo hadi kwapa,
taratibu, kama anasoma barua ya mtu.
"Rangi mbaya," akasema.
"Kitambaa hiki ni plastiki.
Nembo, upuuzi mtupu."
Kisha kidole kikasimama.
"Lakini huyu anajua."

"Nani?"

"Huyu." Akanisogezea kwapa la kushoto.
"Hapa sindano iliruka. Akarudi nyuma,
akashona upya, ncha akaificha.
Halipwi kwa kazi hiyo.
Msimamizi akikuona unarudi nyuma, anakukata.
Sisi tulikuwa na sekunde arobaini kwa ubavu mmoja.
Huyu, sijui. Labda ishirini."
Akaukaribisha mshono kwenye taa.
"Ilikuwa jioni," akasema. "Mkono umechoka. Ona."

Mimi sikuona kitu. Niliona uzi.

Kwenye lebo kuna jina la nchi, herufi za mchwa.
Hakuniuliza ni ipi.
Aliikunja jezi vizuri kuliko walivyoikunja dukani,
akarudi kwenye chai yake iliyokwisha kupoa.

Jumamosi tulifungwa mbili bila, mvua inanyesha.
Namba ya Zdzisław ilianza kubanduka kabla ya mapumziko
na jukwaa zima likawatukana Vortan,
mama zao, babu zao, na mchoraji wao.
Nami nilitukana, sitaki kusema uongo.
Ila dakika ya themanini tulipata kona,
nikarusha mikono yote miwili juu,
na chini ya kwapa la kushoto
nikausikia ule mshono ukivutika,
ukivutika,
ukashika.