Mifuko ya Ndani

Wiki hii hakuna aliyeleta kanzu, wala dera.
Barani nzima inataka kitu kimoja:
"Bi Zuhra, nitie mfuko wa ndani."
Hawasemi wa nini. Sina haja ya kuuliza.
Napima kitambulisho kwa kiganja,
noti zilizokunjwa, cheti cha kuzaliwa cha mtoto,
napiga chaki upande wa ndani wa kiuno,
pale ambapo mkono wa mwenye suruali tu ndio wenye ruhusa.

Kura tulipiga Jumanne. Leo Ijumaa
na redio bado inakohoa tarakimu,
inazimeza, inazitema kwa mpangilio mwingine.
Wino umeanza kupauka kwenye kidole kidogo,
lakini naona watu wanakikunja wakipokea chenji,
kana kwamba wino unaweza kusema ulimchagua nani.

Tsofwa alikuja na suruali ya kazi.
Ana kiwanja Muyeye, miaka kumi na tisa, bila hati.
"Wakishinda wa kijani," asema, "tingatinga liko njiani.
Wakishinda wa zambarau, hati zinatoka."
Akaondoka. Hajafika hata kwa muuza mitai
akaingia Bi Salwa, ukuta mmoja na Tsofwa,
na hofu ileile, imegeuzwa nje ndani:
"Zambarau wakipata, Zuhra, tumekwisha."
Nikamwambia inua mkono, nikupime.

Mimi mwenyewe niliwashonea wote.
Bendera mia mbili za kijani mwezi wa sita,
mia mbili na hamsini za zambarau mwezi wa saba,
na hawa wa pili hawajamaliza kunilipa,
kwa hivyo nami nina hofu yangu:
wakishindwa, nani atapokea simu yangu?
Wakishinda, nani atapokea simu yangu?

Vitambaa vilivyobaki vilijaa sanduku.
Usiku, shuka limeziba dirisha, nikaviogopa.
Nivichome? Moshi wake utakuwa wa rangi gani?
Nivitupe? Jaa lina macho.
Basi nikavikata kuwa mifuko.
Tsofwa anatembea na kijani kiunoni,
kimelala juu ya nyonga yake, kimebeba risiti za kiwanja.
Bi Salwa anayo zambarau, karibu na kwapa.
Hawatajua, labda siku watakapogeuza nguo kufua,
na siku hiyo, inshallah, watanitukana tu.

Unga kwa Bwana Faraj uliisha Jumatatu.
Waliochelewa wananunua chumvi, viberiti,
chochote, ili wasirudi nyumbani mikono mitupu.

Ila ni Mutheu ninayemwandikia haya.
Jumatano alifunga kibanda cha mboga kwa kufuli mbili,
akapanda basi la usiku, watoto watatu na godoro.
Hakuna aliyemfukuza. Hilo ndilo linaloniuma:
hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemwambia kaa.
Mimi nilikuwa hapa hapa, mguu juu ya cherehani,
nikamtazama akihesabu watoto, mara mbili.
Nikasema, "Ufike salama." Nikasema hivyo tu.
Miaka kumi na moja ya ujirani, nikaongea kama kondakta.

Gauni lako liko hapa, Mutheu.
Kwenye daftari: kifua thelathini na nane,
kiuno thelathini na nne, mikono mirefu ya kanisani.
Mfuko wa ndani hukuomba, nami sijautia.

Redio inasema saa tisa mwenyekiti atasoma.
Barabara imenyamaza hadi nasikia uzi ukipita kitambaani.
Nimemaliza kola, nimemaliza vifungo.
Pindo nimeliacha wazi, na pini zake,
kwa sababu pindo halipimwi kwa daftari:
lazima mwenye nguo asimame mbele yangu,
avue viatu, atulie.