Punje ya Zabarijadi

Almasi mbili, ncha kwa ncha,
kila ncha ndogo kuliko tundu la sindano.
Katikati, pete ya chuma; ndani ya pete, chumvi;
ndani ya chumvi, punje ya zabarijadi
niliyoichokoa kwenye jiwe la Chyulu
nikaibeba kwa ukope uliogundishwa kijitini.
Ukope wangu mwenyewe. Mbodze alicheka:
"Leo umetia jicho tumboni mwa dunia."

Kaza skrubu. Robo ya robo.
Kando ya punje tumeweka chembe ya yakuti,
shahidi wetu: ikibanwa, wekundu wake husogea,
nasi twausoma msogeo huo
kama muuza hiliki wa Marikiti asomavyo mizani.
Kaza tena. Sasa ni kilomita mia tatu chini ya miguu yetu,
chini ya feri ya Likoni, chini ya matumbawe,
chini ya kila kaburi.

Kisha leza.
Inapita ndani ya almasi bila hodi;
punje peke yake ndiyo inayowaka.
Nje watu wanalalamikia joto la Februari.
Humu nyuzi elfu mbili na ushei,
na vidole vyangu baridi.

Moto unaiambia: achia.
Uzito unaiambia: shika.

Utajuaje imeyeyuka? Haipigi kelele.
Unaongeza nguvu, joto linapanda;
unaongeza, linapanda;
halafu unaongeza, na joto linakaa pale pale,
kama mtu aliyepokea habari na hajaamua kulia.

Tulikuwa hapo hasa umeme ulipokatika.
Tudor nzima kimya, kisha jenereta ya jirani.
Mbodze akaitaja kampuni ya umeme
kwa maneno yasiyoandikika.

Kesho yake tuliikata punje, tukaing'arisha,
tukaiweka chini ya hadubini:
katikati, duara la kioo,
tone lililoganda
kabla halijakumbuka kwamba ni jiwe.
Mbodze akanishika bega, hakusema kitu.

Daftarini niliandika: saa nane na dakika kumi na mbili,
sampuli ilipozwa na kukatika kwa umeme.
Profesa Saburi akapiga mstari chini ya "kukatika",
akaandika pembeni, kwa penseli:
Rudieni. Safari hii zimeni nyinyi.