Milimita Mbili

Kaltumu alidhani nimeteguka.
Mzee wa viungo kule Wobulenzi akasema mshipa umepanda,
akanikanda kwa samli siku saba,
akachukua jogoo wangu mwekundu na shilingi elfu ishirini.
Mkono ukabaki vilevile, ila ukawa unanukia jikoni.

Kazi yangu kupiga bati.
Masanduku ya shule, hapa Bombo, karibu na geti la kambi,
ya buluu, ya kijani, kufuli mbili na jina kifunikoni.
Mwisho wa Januari silali:
wazazi kwenye foleni, watoto wamekalia
masanduku ambayo rangi yake haijakauka,
na mimi nyundo, nyundo,
miaka kumi na tisa ya nyundo
kwenye kifundo kimoja cha mkono.

Kwanza ikanishinda chupa ya mafuta ya taa.
Kisha birika la udhu likaniponyoka, safu nzima ikageuka.
Kisha, na hili sikumwambia mtu,
nilishindwa kumwinua Sebi kutoka kitandani
nikasingizia kwamba amekua.

Mulago, baada ya foleni ya siku mbili,
Daktari Nakabugo akabandika picha yangu kwenye mwanga.
"Vifupa vinane," alisema, "kama kokoto mfukoni.
Hiki cha katikati kinaitwa mwezi. Mwezi mwandamo."
Nikacheka. Mimi, Fadimula!
Shaabani ikiisha ni mimi wanayemtuma
juu ya tangi la maji kuutafuta,
na jicho langu halijawahi kuwadanganya.
"Uko wapi?"
Akauwekea ncha ya kalamu.
Mweupe. Mweupe kuliko wenzake wote.
Nikadhani weupe ni afya.

"La. Huo umekosa damu.
Mishipa yake michache, kama nyumba ya mlango mmoja:
ukizibwa, waliomo wanakufa njaa.
Umeshaanza kubonyea."

Sikujua kwamba mtu anaweza kutembea
na maiti mdogo ndani ya mkono,
akala naye, akasali naye,
akampa mkwe mkono huohuo.

Nikasema, basi ung'oeni.
Akatikisa kichwa. "Mwezi wenyewe hatuugusi.
Tutakata mfupa wa kigasha, huu wa upande wa gumba.
Umemzidi mwenzake urefu, unausukuma mwezi usiku na mchana.
Milimita mbili tu. Kisha tutaufunga kwa bamba."

Kaltumu akanong'ona: "Unaumwa huku, wanakata kule?"

Hapo mimi ndipo nilipoelewa.
Kifuniko kikibana, Jurugo, mwanagenzi wangu,
hukitwanga kifuniko.
Kila siku namfokea: kifuniko kina kosa gani, mjinga wee?
Tafuta ukingo uliozidi. Chukua tupa.
Punguza unywele, uone kama hakitafunga chenyewe.

"Kata," nilimwambia daktari.

Huu mwezi wa tano.
Fundi bati nimetiwa bati: bamba moja, skrubu sita.
Jurugo anapiga, mimi naweka alama kwa msumari na kumtukana.
Asubuhi za baridi kifundo kinanung'unika,
nikiinama kusujudu naegemea ngumi
kwa sababu kiganja hakikunjiki kikafika sakafuni.
Damu huenda ikarudi, huenda isirudi, anasema daktari;
tutapiga picha nyingine Idi ikipita.

Jana Sebi alitaka abebwe.
Nikamwinua kwa kushoto.
Wa kulia niliuweka chini yake tu,
kama mnunuzi anayepima uzito wa kitu
kabla hajakubali bei.