Safu ya Tatu

Ghorofa ya saba, Annelinn, mjini Tartu.
Januari imekigandisha kioo hadi pembeni.
Mama yangu Helve, miaka sitini na minane,
ameomba akione "hicho kidude kilichokula usiku wako."
Nimeifufua kompyuta ya zamani; feni yake inakoroma.

Anakishika kipanya kama sabuni inayoteleza.
Anatazama dari. Anatazama sakafu.
Anasonga mbele akiukwaruza ukuta kwa bega,
na zimwi la kwanza linapochomoza gizani likitema moto
yeye anakwepa kitini, mwili wake huu wa kweli,
nusura aanguke.
"Huyu naye, mbona habishi hodi?"

Anakufa.
Anakufa tena, mlango uleule.
Mara ya tatu anaifyatulia taa risasi kumi na nne.
"Ilinichoma macho," anajitetea.

Nami nyuma yake vidole vinaniwasha.
Ngome hii naijua kama ulimi unavyoyajua meno:
nyuma ya pipa kuna dawa, kwenye ngazi wapo wawili,
swichi usiiguse kabla hujajaza risasi.
"Kushoto, Mama. Kushoto! Siyo huko, kushoto kwako!"
"Hebu ninyamazie," anasema, "niko kazini."

Na kweli, amesimama vile alivyosimama kazini.
Miaka thelathini na mmoja alipanga vigae
mabafuni mwa watu, hospitalini, kwenye bwawa la kuogelea;
magoti yake hadi leo hutabiri theluji.
Sasa ameukaribia ukuta wa kijani
ambao mimi nimeupita mbio mara elfu,
zimwi kisogoni, roho mkononi.
"Fundi gani huyu," ananong'ona.
"Safu ya tatu imepanda. Upana wa ukucha."

"Hapo hakuna kitu, Mama."

Anaubonyeza.

Ukuta unanguruma, unajivuta juu taratibu,
na ndani kuna chumba, mwanga wa buluu,
na ile silaha niliyosimuliwa shuleni na Taavet
nikamwita mwongo mbele ya darasa zima
hadi tukaacha kusalimiana.

Mama haiokoti. Anainamisha macho sakafuni,
anaifuata mistari polepole, kona hadi kona.
"Humu alipanga mtu mwingine," anasema.
"Huyu sasa ndiye fundi."

Zimwi linamjia kwa nyuma.
Naliona.
Naufunga mdomo.