Maji Mafu

Maji mafu, mwani hauvunwi.
Zamu ya kibati ilikuwa yangu
na mabati ya jiko nilishayapigia hesabu,
kumi na mawili, na misumari.
Nikamwambia Chumu: jiko livuje mwaka mmoja zaidi,
sisi twende Misali.

Alicheka mpaka akakaa chini.
Kutalii? Sisi?
Sisi.
Kisiwa tunakiona kila tukinyoosha mgongo,
kama kofia mtu aliyoisahau juu ya maji,
na hapana hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza ya nani.

Gatini Wesha tukakuta wageni sita,
pua nyeupe kama wari waliopakwa liwa nusunusu.
Shaame wa Bi Hadia, niliyemfunga winda kwa mkono huu,
alinikaribisha kwa Kiingereza, mazoea,
kisha akashika mdomo:
Shangazi! Kuna msiba?
Hapana msiba. Nimelipa. Nipe miwani.

Mgeni mmoja, mnene, mcheshi,
mkono mzima umechorwa kama ukili,
alitoka visiwa vya upande wa pili wa dunia.
Kwao nako, Shaame akatufasiria,
ni matumbawe na minazi.
Basi umefuata nini huku?
Akaonesha kikapu chetu.
Tukampa kipande cha shelisheli la kuchoma.
Alikinusa kwanza.
Hakusema tena mpaka gati likapotea.

Miaka ishirini na mmoja nimesimama baharini,
maji ya kiuno, kichwa juu, mikono chini,
nafunga taitai kwa vidole visivyo kucha.
Ningeapa naijua.
Naijua kama nyumba ya jirani, kwa ukuta.

Lala, Shangazi, alisema Shaame.
Dera likajaa hewa, nikawa bunju.
Juu ya boti Chumu alisoma kila sura aijuayo
na moja asiyoijua.
Mrija ukaniletea chumvi.
Nikamtukana Shaame, nikaitukana boti,
nikataka kumtukana Hadia nikakumbuka ni wifi yangu.
Mara ya tatu
nikaiachia shingo.

Kumbe.

Kumbe chini hakuna chini.
Ukuta unashuka, unashuka,
samawati inaiva mpaka inakuwa usiku.
Pono, tunayemsema kwa usingizi,
yu macho, anatafuna jiwe, nilimsikia,
kru, kru, kama mtoto na barafu.
Kitatange wawili wamevaa doti moja.
Kasa akapita na macho ya bibi
aliyekwisha kumsamehe kila mtu.
Na miguu yangu, hii ya visigino vilivyopasuka,
inaning'inia, haina kazi.
Haijapata kukosa kazi.

Ukilia ndani ya miwani maji hupanda kwa ndani.
Nikawa na bahari mbili.

Chumu hakuingia.
Alishika kamba ya nanga, akainama,
akatia uso peke yake, mtandio na yote,
akautoa, akautia tena.
Mpaka leo hataki kusema aliona nini.

Tuliporudi, Shaame alinipenyezea nusu ya nauli.
Nikamrejeshea mfukoni mwake.
Leo mie mgeni, nilimwambia,
nitoze kama mgeni.

Masika jiko limevuja, kama nilivyojua.
Nimeweka sufuria mbili na beseni.
Bamvua limerejea, nasi tumerejea kwenye kamba,
na wenzangu wamekwisha nizoea:
kati ya mstari wa tatu na wa nne
napiga goti, nashika pumzi,
natia uso.
Hapaonekani kitu pale.
Mchanga, vigingi, vumbi la mwani.

Watafuta nini, Mize?

Pete, nawaambia.
Nimeangusha pete.